Muulize Shangazi: Nikipiga magoti nahesabu madeni

Haya wapendwa, mwezi huu barua za mapenzi nimeziweka pembeni, msininunie, wenye mabwana wa simu mbilimbili mtasubiri toleo lijalo. Kuna barua moja ilinikaa kifuani siku nne nzima, nikaenda kwenye boksi langu kuitafutia wenzake nikapata mbili zinazoelekea hukohuko, kila moja na mdomo wake. Nazijibu zote tatu, na ile ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Mbagala. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mwezi wa tatu mwaka jana akaanguka bafuni kumbe presha imepanda, akapata kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Nauza chai na vitumbua asubuhi, hela yote inaishia kwenye pempasi, dawa na bajaji ya kumpeleka kliniki. Nilikopa laki sita kwa hawa wa kausha damu, nimesharudisha zaidi ya laki tisa na bado wananidai. Shangazi mimi ni mtu wa kanisani, kikundi cha maombi niko toka 2015, ila siku hizi nikipiga magoti ama usingizi unanichukua hapohapo uso ukiwa kwenye godoro, ama najikuta nahesabu madeni, dukani elfu nane, mama fulani elfu kumi na tano, rejesho Ijumaa. Nikamwambia kiongozi wetu akasema nimepoa kiroho, mwenzake akaongeza kuna dhambi ya siri nyumbani kwangu ndio maana mume haponi, nipande mbegu ya laki moja. Nikarudi nyumbani nikalia mpaka mtoto akaamka. Naogopa nimempoteza Mungu. Hiyo amani wanayosema inapita akili zote mbona mimi siipati, nimekosea wapi?*
*Mama wa Watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole, pole ya kukaa chini sio ile ya kupita na mwavuli.

Nianze na hiyo laki moja maana ndiyo iliyonipandisha presha na mimi. Usitoe. Yaani usitoe hata kumi. Sadaka ni kitu kizuri na mimi natoa, lakini mtu anayeangalia mama mwenye mgonjwa kitandani na kausha damu mlangoni halafu anamwambia Mungu anasubiri laki ndio afungue mkono, huyo hajui anamsemea nani. Na hilo la dhambi ya siri sio jipya, lina miaka na miaka kwenye Biblia. Soma Ayubu mwanangu, ila soma kuanzia kwa marafiki zake. Walipofika na kumkuta kwenye majivu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, maana waliona mateso yake ni makubwa mno. Hizo siku saba ndizo walizokuwa marafiki. Zilipopita wakafungua midomo na hapo ndipo walipoharibu, sura nyingi tu wanamwambia tubu, kuna kitu umefanya, Mungu haonei mtu, na maneno yao ukiyasikiliza ni matamu, mengine ungeweza kuyabandika kwenye daladala. Sasa nenda mwisho kabisa sura ya 42 uone Mungu anamkasirikia nani. Anamwambia Elifazi kwamba wewe na wenzako wawili hamkunena yaliyo sawa kumhusu mimi kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu huyohuyo aliyelaani siku aliyozaliwa! Aliyemwambia Mungu uso kwa uso kwamba unanionea! Huyo ndiye kanena sawa, na wale watetezi wa Mungu wakaambiwa waende kwa Ayubu awaombee.

Kwahiyo ukikutana tena na huyo mpendwa wa dhambi ya siri msalimie vizuri upite.

Tuje kwenye usingizi. Mwanangu unaamka saa ngapi kukanda vitumbua? Saa tisa? Mchana unamgeuza mtu mzima kitandani asipate vidonda, usiku unamgeuza tena, halafu saa nne ya usiku unapiga magoti unajishangaa kwamba umesinzia. Mimi nimekuwa nesi miaka 31 nikwambie kitu, ule ni mwili, sio shetani. Kuna nabii mzima, Eliya, sio mtu wa mchezo, alikuwa ametoka kuushusha moto Karmeli juzijuzi, akatishiwa maisha akakimbia jangwani akaketi chini ya mretemu akamwambia Mungu yatosha, niue tu. Akalala. Angalia alichofanyiwa, ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye habari hiyo: hakuhubiriwa. Malaika alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake, akala akalala tena, malaika akamwacha alale, akaja mara ya pili akamwambia ule tena maana safari ni kubwa mno kwako. Hakuna aliyemwambia amepoa kiroho. Kwahiyo ukisinzia kwenye magoti panda kitandani lala, sema tu Baba nimechoka, unaona mwenyewe, na ukimaliza hapo umesali.

Na hayo madeni unayoyahesabu.

Hapa ndipo barua yako iliponishika maana unaona kama madeni yanakuingilia kwenye maombi. Mimi nakwambia hayo ndiyo maombi yenyewe, sema umeyageuzia uso kwa upande wako badala ya kwa Mungu. Kulikuwa na mfalme wa Yuda anaitwa Hezekia, kama mwaka 701 kabla ya Kristo, jeshi la Waashuri limeshameza miji yake linakuja kumalizia Yerusalemu, na wakamwandikia barua ya vitisho, kama zile meseji wanazokutumia hao wakopeshaji wako saa mbili usiku. Biblia inasema aliipokea akaisoma akapanda nyumbani kwa Bwana akaikunjua mbele za Bwana. Aliifungua ileile barua akaiweka pale, kama mtu anayemwonyesha baba yake bili. Hakutafuta kwanza maneno mazuri ya kiroho. Sasa na wewe chukua daftari lako la madeni, lile lenye mafuta ya vitumbua, lifungue kitandani usome kwa sauti, Mungu dukani elfu nane, Mungu Ijumaa rejesho na sina, Mungu jana nimemkemea mgonjwa na nimejuta. Soma mpaka mwisho ufunge. Fanya wiki mbili halafu uniambie.

Ila huyohuyo Hezekia, na hapa watu wa maombi huwa wanapita haraka, kabla ya barua kufika alikuwa ameshaita mafundi. Aliimarisha kuta, akaziba chemchemi za nje ya mji ili adui asinywe, akachimba mfereji chini ya mwamba kuingiza maji ndani. Ule mfereji upo mpaka leo Yerusalemu, urefu wake kama mita 533, watu wanatembea ndani yake na maji yanapita miguuni. Waliuchimba kwa mkono toka pande mbili wakakutana katikati. Alimtumaini Mungu na sululu ilikuwa inafanya kazi.

Basi na wewe tuchimbe kidogo. Dawa za presha za mume wako zisikatike hata siku moja, hata akijisikia vizuri, na hata mtumishi gani akikwambia ameshapona. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu nakumbuka 2011, ule mwaka wa kikombe cha dawa ya miti shamba cha Samunge kule Loliondo, shilingi 500 kikombe, foleni ya magari kilomita na kilomita. Mzee aliyekuwa anakigawa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu la Kilutheri, ameshafariki na simsemi vibaya, lakini sisi wodini tuliwapokea watu waliorudi kule wakaacha dawa zao za sukari na ARV wakisema wamemaliza. Sitasahau. Kumeza kidonge sio kumkosea Mungu adabu.

La pili, kliniki uliza habari za mazoezi ya viungo, wakufundishe na wewe uyafanye nyumbani na huyo mtoto mkubwa akusaidie, mkono na mguu wa mgonjwa wa kiharusi ukiachwa unakakamaa. La tatu, kwenye hospitali za serikali kuna watu wa ustawi wa jamii, wengi hamjui hata mlango wao uko wapi, ndio wanaoangalia nani hana uwezo apate msamaha wa gharama, nenda na barua ya serikali ya mtaa. Nne, hao kausha damu: kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, na anatakiwa akupe mkataba unaoonyesha riba. Kama huna mkataba wala risiti, andika kila ulichorudisha na tarehe, peleka serikali ya mtaa au ofisi ya halmashauri uulize kabla hujatoa shilingi nyingine, na usiende kukopa kwingine kulipa huku, hapo ndipo watu wanapouza mpaka kitanda. Na tano, wewe mwenyewe. Kama usingizi wa usiku umeisha, chakula hakipiti, unalia kila siku na umeanza kuwaza heri nisingekuwepo, hiyo inaitwa sonona, ni ugonjwa, una matibabu, mwambie daktari hukohuko kliniki siku unapompeleka mzee. Usisubiri.

Sasa nikwambie la kwangu. Mwaka 1998 nilimzika mwanangu wa pili, malaria, alikuwa na miaka minne, na mimi nesi. Unaelewa hilo linamaanisha nini, nimewatundikia drip watoto wa watu usiku wangapi, wangu kaondoka. Niliendelea kwenda kwaya maana sikujua pengine pa kwenda Jumamosi jioni, nasimama safu ya sauti ya pili, nafungua mdomo hakitoki kitu. Nikimsikia mchungaji anasema Mungu ni mwema nilikuwa naangalia dirisha. Mwenzangu aliyekuwa anasimama pembeni yangu akaligundua, siku hiyo baada ya mazoezi akaniambia, we funga tu mdomo dada, mimi ntaimba za watu wawili. Basi. Hakuniuliza imani yangu iko wapi. Akaimba za watu wawili miezi minane hivi, na mimi nasimama pale kama mti, mpaka Jumapili moja katikati ya ubeti nikasikia sauti inatoka kumbe ni yangu.

Miaka ya baadaye ndio nikakisoma kile kisa cha Marko sura ya 2 kwa macho mengine, yule mtu aliyepooza, kama mumeo, aliyebebwa na wanne, wakakuta mlangoni pamejaa wakapanda juu wakatoboa dari la watu wakamteremsha na godoro lake. Imeandikwa Yesu alipoiona imani *yao*. Yule wa kwenye godoro hatuambiwi kama aliamini au alikuwa amekasirika au anaogopa kamba zitakatika. Walioamini siku hiyo walikuwa juu ya paa, wana vumbi. Kwahiyo wewe kazi yako sasa hivi sio kubeba, umebeba sana. Tafuta wanne. Wasiwe wa kukuhubiria. Mmoja wa kukaa na mgonjwa Jumamosi mbili kwa mwezi ulale mchana, mmoja wa kukuombea bila kukuuliza maswali, mmoja wa kukusindikiza huko serikali ya mtaa, na wa nne awe na mdomo wa kukuchekesha, usimdharau huyo. Kama kwenye kikundi chako hawapo wako kwingine, anza na yule anayenunua vitumbua kwako kila siku na kukuuliza mzee anaendeleaje.

Umeuliza amani. Paulo alipoandika hayo maneno ya amani ipitayo akili zote alikuwa amefungwa minyororo, sio amekaa baharini anakunywa dafu, na neno alilotumia, hilo la *itawahifadhi mioyo yenu*, kwa Kigiriki chake ni neno la askari wanaolinda mji. Filipi, mji wa watu aliokuwa anawaandikia, ulikuwa makazi ya maaskari wastaafu wa Kirumi toka zamani, wakalielewa upesi. Ni kama mlinzi wa getini. Mvua inanyesha, umeme umekatika, wezi wapo mtaani, na yeye yuko pale na rungu lake. Mlinzi huwezi kumwona ukiwa umelala chumbani, na wewe barua yako ina ushahidi kwamba yupo: mwaka na zaidi umegeuza mgonjwa, umekaanga, umepeleka watoto shule, na bado unamtafuta Mungu kiasi cha kuogopa kwamba umempoteza. Mtu hamtafuti asiyemjali.

Niandikie baada ya hizo wiki mbili za daftari.

*Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni binti wa Tanga niko Muscat nafanya kazi za ndani mwaka wa pili sasa. Mama yangu alifariki mwezi wa Shaabani, nikapata meseji saa tisa alasiri naosha vyombo, na walikuwa wameshamzika maana kwetu hatuchelewi. Ruhusa na tiketi havikupatikana. Nalia jikoni nalia chooni, kuna dada tunafahamiana hapa ananiambia nikilia hivi nakosa subira na namtesa mama kaburini. Sasa naogopa hata kulia. Najua wewe ni Mkristo ila bibi yangu alikuwa anasoma sana majibu yako ndio nikaona nikuandikie. Sikumuosha mama yangu, sikumuona. Nitapataje utulivu?*
*Binti wa Tanga, Muscat*

Waalaykum salaam binti yangu, na bibi yako Mungu amweke pema. Kweli mimi ni Mluteri, na mambo ya dini ya mtu sipendi kuyajibu kwa kubahatisha, kwahiyo barua yako niliichukua mpaka kwa jirani yangu ustaadhi, mzee wa madrasa, tumekaa mtaa mmoja miaka 20 tunapelekeana pilau Idi na Krismasi. Nikamsomea barazani kwake. Alinyamaza muda, kahawa ikapoa, halafu akaniambia mwandikie hivi.

Kwanza, machozi sio kukosa subira. Akanikumbusha Nabii Yakub kwenye sura ya Yusuf. Yakub ndiye aliyesema *subira njema*, akaisema mara mbili, na ndani ya sura hiyohiyo imeandikwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Subira njema na macho yaliyopofuka kwa kulia vimekaa kwenye mtu mmoja. Watoto wake walipomwambia utajimaliza kwa kumkumbuka Yusuf aliwajibu kwamba yeye sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Ustaadhi akasema hapo ndipo mstari ulipo, unamlilia yeye. Na Mtume mwenyewe, mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho mchanga kabisa, macho yalimtoka machozi mpaka Abdurahman bin Auf akashangaa, hata wewe? Akamjibu kwamba hii ni rehema, jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni lile la kupiga mayowe na kujichania nguo na kumlaumu Mungu kwa makusudi, sio binti anayelia chooni kwa sababu ya mama yake. Huyo dada yako hapo mwambie kwa upole, au usimwambie, basi tu lia.

La pili ndilo lililonisimamisha nywele maana ni wewe mtupu. Kulikuwa na swahaba anaitwa Saad bin Ubada. Mama yake alifariki yeye akiwa hayupo. Aliporudi alimwendea Mtume akamuuliza, mama yangu amefariki na mimi sikuwepo, je nikimtolea sadaka itamfaa? Akaambiwa ndiyo. Saad akatoa bustani yake yote iwe sadaka kwa ajili ya mama yake. Nimemuuliza ustaadhi mara mbili, *sikuwepo* hilo limo kabisa? Akasema limo, kwenye hadithi alizokusanya Bukhari. Basi binti yangu wewe sio wa kwanza kuwa mbali, na aliyekuwa mbali hakuambiwa umechelewa. Bustani huna, ila una mshahara. Ukipata nafasi tuma kidogo Tanga, iwe juzuu za madrasa aliyokusomesha, au ndoo ya maji na kikombe kwenye kibaraza cha msikiti wenu, iwe kwa jina la mama. Na dua za mtoto unazo hapohapo jikoni, hazina tiketi.

Akasema pia kwa madhehebu ya Shafi ambayo watu wetu wa pwani wengi wanafuata, swala ya maiti wa mbali ipo, muulize mwenye elimu hapo ulipo namna ya kuisali, hata kama ameshazikwa.

Yangu mimi ya kike ni haya mawili. Hukumuosha, kwahiyo mpigie aliyemuosha. Mwambie akusimulie kila kitu, sanda nani alileta, walisoma nini, mvua ilikuwepo au jua, kaburi liko upande gani wa mwembe. Moyo unahitaji kufika msibani hata kwa simu, wako umebaki njiani ndio maana hautulii. Na zile voisi za mama kwenye simu yako usizifute, tuma nakala kwa mdogo wako maana simu huibwa. Leo usizisikilize kama zinakukata, zipo tu zinakusubiri.

*Shangazi mambo vipi, mimi kijana mkulima wa Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalibeba mpunga wangu ekari tatu na nyumba ya udongo, tukalala shuleni. Toka hapo kila mtu ananiambia muachie Mungu. Sasa kumuachia Mungu maana yake nini, nikae? Nikilima tena na mto ukaja tena? Babu yangu ananiambia panda, mimi hata jembe nimelichukia.*
*Kijana wa Rufiji*

Poa tu mwanangu, pole sana. Mimi hilo neno muachie Mungu huwa linaniudhi likisemwa na mtu aliyeshiba, kwasababu mara nyingi maana yake ni usiniambie tena shida zako nimechoka kuzisikiliza. Kwahiyo kama limekukera hujamkosea mtu.

Kuna nabii anaitwa Habakuki, kitabu chake kifupi sura tatu tu, anaanza kwa kulalamika kabisa, Bwana nilie hata lini nawe hutaki kusikia. Kwenye mwisho anataja hasara moja moja kama mtu wa bima, mtini hauchanui, mzabibu hauna matunda, mashamba hayatoi chakula, zizini hakuna kundi, halafu anasema walakini nitamfurahia Bwana. Zamani nilidhani anajikaza. Siku hizi naona kwamba hakuruka hasara hata moja, amezitaja zote kwa majina kabla hajafika kwenye *walakini*. Wewe watu wanataka uanzie kwenye walakini. Taja kwanza ekari tatu, taja nyumba, taja usiku wa shuleni na watoto. Na pale chini kabisa ya maombi hayo pana maelekezo kwa mwimbishaji na vinanda, yaani yale maneno yaliimbwa na watu pamoja, hakuachiwa mtu mmoja ayaimbe gizani peke yake.

Habari ya babu yako: msikilize. Nyie Warufiji mna kitu kinaitwa mlau ambacho vijana mnakisahau, maji yakishashuka tope likiwa bado na unyevu wazee walikuwa wanapanda mahindi na kunde palepale kwenye udongo ulioletwa na mafuriko, bila kusubiri mvua nyingine. Mto uliowanyang'anya msimu mmoja ndio uliokuwa unawalisha unaofuata, na hakuna mzee aliyekaa ukingoni kusubiri mto uombe radhi. Ila mpunga wote usiuweke bondeni tena, gawanya, kipande juu kipande chini, na nyumba usiirudishe palepale hata kama kiwanja ni cha urithi.

Jembe kulichukia sio dhambi, lichukie hukohuko ukiwa umelishika. Robo ekari ya kunde inatosha kwa kuanzia, muombe babu akuonyeshe pa kuchimba, na mkishavuna niandikie zimetoka debe ngapi, na kama babu alikucheka au hakukucheka.